Panya wa Wankyo

Mwanza, 3 Machi 2024

Shikamoo baba. Magoti ya mama yanaendeleaje? Mimi mzima. Kopo la unga wako wa mizizi nimelipata kwa kondakta. Hapa maabara tunawachoma panya sindano ya kuvimbisha mguu, tunawanywesha dawa, kisha tunapima uvimbe kila saa. Kundi moja linapewa maji matupu, tusije tukajidanganya. Nitapima unga wako, na pia ile mizizi ya babu niliyochimba mwenyewe Krismasi.

Mwanao, Wankyo

Butiama, 11 Machi

Marahaba. Mama yako anakunywa unga huo huo asubuhi na jioni, magoti yametulia, maji anafuata mwenyewe. Hivi Wankyo, ndiyo usomi huo? Babu yako alikuwaga anatibu watu wazima na akili zao, wewe unauliza panya! Watu wanatoka Bunda kunifuata mimi. Mtu na digrii yake anapima miguu ya panya! Aibu naona mimi.

Baba yako, Werema

Mwanza, 2 Aprili

Shikamoo baba. Simu zangu hupokei, basi soma. Unga wako ulishusha uvimbe haraka sawasawa na kidonge cha hospitali. Nikashangilia kama mjinga. Bosi akacheka, akaniambia nichunguze kilichomo. Ni kidonge cha hospitali, baba. Diklofenaki! Unasaga vidonge vya duka la dawa, unachanganya na mizizi, unaita dawa ya babu. Mganga gani wewe?

Na mizizi yangu ya Krismasi ilishusha uvimbe kwa nusu, baada ya saa nne. Dawa ya babu inafanya kazi. Wewe ndiye hukuiamini.

Mama ana vidonda vya tumbo. Asinywe tena hata kijiko cha unga wako, diklofenaki itamtoboa tumbo.

Wankyo

Butiama, 9 Aprili

Marahaba, ingawa salamu yako haina moyo. Mgonjwa hana saa nne! Amekodi bodaboda kutoka Bunda, anataka apone mbele yangu. Nimwambie asubiri kama panya? Mama yako hajambo, anakunywa kama kawaida. Usimtie hofu na mambo yako ya maabara.

Werema

Ujumbe wa simu, Musoma, 17 Aprili

Wankyo mama, salaam. Tuko hospitali tangu jana. Mama yako anatapika damu. Daktari ameniuliza mara tatu anatumia dawa gani, mara zote nimesema mizizi tu. Kitanda cha pili kuna mteja wangu wa Bunda, anasikiliza. Daktari anarudi saa kumi. Namba yake nakutumia sasa hivi. Mpigie wewe, umwambie. Mimi mdomo umegoma.

Baba yako