Wimbo wa Mapumziko

Lorna, Duane,

Nimekwenda kuchukua dawa ya maumivu ya baba yenu. Theluji ni nyingi, huenda nikachelewa. Mlowesheni midomo, kahawa asipewe hata akibembeleza. Nesi akisema saa yake imefika, ~~mwekeeni ule wimbo wa kufungia dansi~~. Hapana. Nilimwekea asubuhi, akanuna: "Huo wa kufukuza watu, Verna. Niwekee wa mapumziko."

Miaka arobaini kapiga kodiani kwenye madansi ya polka, mimi nimekaa mezani peke yangu, nimevimba kwa hasira. Leo ndipo ananiambia aliupenda huo wa mapumziko kwa kuwa ukiisha tu, anaweka kodiani chini, anakuja kukaa nami. Mzee huyu!

Nimechoka, wanangu. Kaseti ya wimbo huo imo redioni. Msiiwashe kabla sijarudi, na kiti changu kiacheni pale pale kando yake.

Mama