Nati ya Katibu

Ndugu yangu, umekaa? Ile diski ya kompyuta aliyonunua Katibu wa chama chetu cha wafanyakazi imefunguliwa leo. Ndani kuna kadi ndogo kama ukucha, na nati ya chuma iliyogundishwa ili iwe nzito. NATI!

Unakumbuka kikaoni? Mpigachapa alisema, "Hela zetu kidogo, tununue diski ndogo ya kweli, yenye kasi." Katibu akamkata: "Dada, wewe piga chapa tu." Akaleta hii iliyoandikwa terabaiti kumi na sita, eti inameza mafaili ya ofisi nzima, kwa bei ya chee!

Ushahidi wote wa wenzetu waliofukuzwa kazi aliuhamishia humo. Kakadi kale hakakuweza kuubeba; umepotea, na kesi ni kesho.

Leo anabembeleza: "Dada yangu, huna nakala?"

Mpigachapa hata hakuinua macho. "Ninayo, Katibu. Kesho nitaipeleka mahakamani mwenyewe. Wewe njoo na nati yako."