Mawaridi Yako, Asumini Zangu

Mpendwa mke mwenzangu, dada Mwajuma,

Watu wa hapa Kinondoni wakikutaja siku hizi husema, "Wale wake wenza bwana, walipendana tangu siku ya kwanza." Wewe ungecheka mpaka ukohoe, maana mie na wewe tunajua tulivyoanza. Tulianza kwa kuchunguzana.

Siku bwana yetu Rajabu aliponileta kutoka Lindi, ulinipokea vizuri mbele za watu. Ulinitandikia mkeka, ukanipa maji, ukaniuliza habari za safari na za wazee. Lakini muda wote jicho lako lilikuwa kwenye kifurushi changu.

"Kuna nini humo?"

"Sindano, dada. Na uzi. Mie natunga maua."

"Maua tu?"

"Maua tu."

Ulikipapasa kile kifurushi kwa mguu, kama mtu anayesogeza kitu kisimkwaze, ukasikiliza kama kitalia. Niliona.

Shamba lilikuwa lako, urithi wa marehemu baba yako, na kila mtu alijua. Ulilima mawaridi na mrehani upande wa nyumba yako, ukiuza maua kwa kapu kwa Wahindi wa mjini na kwa maboi wa Uzunguni waliotumwa maua ya meza. Mimi nilipewa upande wa kisimani, nikapanda asumini. Nilipoanza kutunga makoja ya shingoni na vikuba vya kifuani kwa mawaridi yako na asumini zangu, wateja waliongezeka. Kiangazi kilipofika, na arusi zikaanza kufuatana kabla ya Ramadhani, hatukuwa na nafasi hata ya kukaa. Unakumbuka? Tulichuma kabla jua halijachoma, tukafunika maua kwa kanga mbichi, kisha nikitunga wewe unachambua petali. Tulikuwa tunafanya kazi moja na kila mtu ana lake moyoni.

Bwana yetu akatuonea huruma. Ndivyo tulivyodhani. Alileta pipa kubwa la chuma kutoka bandarini alikokuwa akifanya kazi, akaliweka kando ya nyumba yako.

"Nitalijaza mwenyewe kila asubuhi kabla sijaenda kazini," akasema. "Mwajuma, mgongo wako umechoka kuteka."

Ulifurahi siku ile. Nami niliona wivu, nakwambia kweli. Mie hakuniletea pipa. Niliendelea kuteka kisimani kwa ndoo yangu.

Haukupita muda mrefu, majani ya mawaridi yako yakaanza kuungua pembeni kama yamepitishwa motoni. Vitumba vikanyauka kabla ya kufunguka. Mrehani ukalala. Na upande wangu, asumini zilikuwa nyeupe kama mchele uliopepetwa.

Hukuniuliza kitu, dada, na hilo ndilo lililonitisha. Ulianza kufagia. Kila jioni ulifagia mchanga wote unaozunguka mawaridi, ukauacha na michirizi ya fagio, laini, pasipo hata alama ya mguu wa kuku. Asubuhi ulitoka kabla ya mtu yeyote, ukainama kutafuta nyayo. Nilikuwa nakuchungulia dirishani. Hukuziona zangu hata siku moja. Ulikuta za bwana yetu tu, zikienda kwenye pipa na kurudi, nawe ulizipita kama hukuziona. Nani angemshuku mtu anayemtekea mkewe maji?

Ulipokosa nyayo, ukasema wanaojua hawahitaji kutembea. Ulimwambia jirani, kwa sauti ya kunifikia, kwamba watu wa Lindi wana mambo yao. Basi na mimi nikaanza yangu. Nilijisemea: huyu anayaua mawaridi yake mwenyewe ili nipewe talaka. Ulipoleta bakuli la ndizi za nazi, nilimtupia kuku kwanza, nikakaa kumtazama. Kuku alikula, akajinyoosha, akaenda zake. Hata hivyo sikula. Nilifikiri labda ni dawa isiyomdhuru kuku.

Ndipo Mama Gulshani wa Mtaa wa Uhindini alipokuja, yule Khoja mwenye miwani ya dhahabu ambaye hakuwahi kununua ua bila kuligeuza pande zote. Alikuwa anaoza binti yake. Alitaka makoja ya bibi na bwana arusi, vikuba vya wageni wote wa kike, na maua ya kupamba ukumbi. Mawaridi mengi, alisisitiza. Wewe ulimwitikia, "Yatapatikana, mama," na alipoondoka ukanigeukia.

"Umeweka nini kwenye mashina yangu?"

"Sijaweka kitu, dada."

"Apa."

"Wallahi sijaweka."

"Kuapa kwako rahisi."

"Na wewe umeweka nini kwenye ndizi?"

Bwana yetu alitukuta tumeshikana maneno, kanga zimetudondoka mabegani. Akaketi kwenye kizingiti, mpole, akavua kofia.

"Nyie mtauana kwa ajili ya maua," akasema. "Udongo huu umechoka, Mwajuma. Kuna mtu wa mjini anautaka, ajenge nyumba za kupangisha. Ukikubali, kila mmoja wenu atapata chumba chake Magomeni, na ugomvi utakwisha."

"Shamba la baba haliuzwi."

"Sijasema liuzwe leo."

Nilimkumbuka yule mtu wa mjini. Nilikuwa nimemwona na bwana yetu kwenye mpaka wa shamba, koti jeupe, akihesabu hatua kutoka mnazi hadi mnazi. Sikukwambia. Nilidhani unajua, na kwamba ni mimi tu ninayefichwa.

Usiku ule sijui ulifikiri nini, lakini asubuhi ulikuja mlangoni kwangu bila salamu.

"Kama mkono wako hauna kitu," ulisema, "mwagilia mawaridi yangu wewe. Mimi nitamwagilia asumini zako. Tuone."

"Tuone," nikajibu.

Tukabadilishana. Nilikwenda kwenye mawaridi yako na ndoo yangu ya kisimani, kama nilivyozoea. Wewe ulibeba maji ya pipa lako mpaka kwenye asumini zangu. Kila mmoja alimlinda mwenzake. Ukiinama, nasimama. Nikisimama, unasimama. Majirani walituona tumeshinda kwenye maua mchana kutwa wakasema tunajituma kwelikweli kwa ajili ya msimu.

Kisha mawaridi yakatoa majani mapya, mekundu, madogo. Na asumini zangu zikaungua pembeni.

Nilipoziona nilijua umenimaliza. Nilikuja juu, nimekwisha kupanga matusi yangu yote, nikakukuta umesimama katikati ya asumini na jani mkononi. Hukuwa na uso wa mtu aliyeshinda.

"Maji ya mawaridi umeteka wapi?" uliuliza taratibu.

"Kisimani."

"Siku zote?"

"Siku zote. Mie nina pipa?"

Ulinitazama. Kisha ukaenda moja kwa moja kwenye pipa, ukachovya kidole, ukakitia mdomoni. Halafu ukachota kwa kata, ukaninyooshea.

"Onja."

Nilirudi nyuma.

"Onja, mwanamke. Nitakuua mchana kweupe huu, watu wanapita?"

Nilionja. Chumvi, dada. Si ile ladha ya visima vyetu vya pwani tuliyoizoea. Ilikuwa chumvi ya mtu, chumvi iliyotiwa na kukorogwa. Tulitazamana juu ya lile pipa, na hakuna aliyehitaji kulitaja jina. Mtu mmoja tu ndiye aliyelijaza.

Ulimsubiri mpaka aliporudi kutoka kazini, saa ya chakula. Ulimwandalia wali na samaki kama kawaida, ukamnawisha mikono. Kisha ukaweka mbele yake kikombe cha bati kimejaa maji. Aliyanusa, akakirudisha chini.

"Haya ni ya pipa?"

"Ni ya pipa."

"Haya ya kumwagilia."

"Umeteka wewe mwenyewe, bwana. Kunywa."

"Sina kiu."

"Mkeo mdogo ameyanywa. Mimi nimeyanywa. Kunywa na wewe."

Alikutazama, akanitazama, akatabasamu upande mmoja. "Kumbe mmeshakuwa kitu kimoja?"

Hatukumjibu, dada. Hatukumjibu kwa sababu hatukuwa bado. Lakini hakunywa, na wali ukapoa, na jasho likamtoka kwenye paji la uso. Ukasema, "Basi nipe talaka yangu, na shamba la baba uniachie." Hukupaza sauti. Jirani aliyekuwa anatwanga uani kwake hata hakusimamisha mchi.

Alikupa kesho yake mbele ya mashahidi. Kisha akaja mlangoni kwangu. "Funga vitu vyako, tunahama."

Nilifunga. Ningefanya nini? Sikuwa na ndugu mji huu. Wewe ulikuwa nje unachambua mrehani, umenipa mgongo, nami nilijisemea, ndilo alilolitaka huyu, tuondoke wote wawili abaki peke yake. Nilipopita na kifurushi changu, ulisema bila kugeuka:

"Arusi ya Mama Gulshani ni Ijumaa. Nani atatunga?"

Hukusema baki. Hukusema dada wala mdogo wangu. Nilisimama pale, bwana yetu anaita barabarani, na mimi najiuliza kama unanitaka mimi au unaitaka sindano yangu. Bado sijui. Nilikaa chini nikatoa uzi.

Mawaridi hayakutosha. Asumini nazo nusu zilikuwa zimeungua. Ikabidi nitunge kwa namna ambayo sijawahi. Mrehani kwa wingi, kijani kibichi, asumini moja moja kama vifungo, na waridi moja tu kubwa katikati ya kifua. Mama Gulshani aliligeuza koja lile, akalinusa, akauvuta uzi wake.

"Waridi wapi?"

"Ni hilo, mama," ulisema. "Likiwa peke yake ndio linaonekana."

Binti yake alilivaa. Mwaka uliofuata familia tatu za Uhindini zilitutumia watu wakitaka koja lenye waridi moja.

Talaka yangu ililetwa na kaka yake Rajabu, na tangu hapo hatukuwa na mume, lakini tuliendelea kuitana wake wenza. Watu walitucheka. Hawakujua kwamba kila asubuhi wewe ulionja maji kabla ya kumwagilia, na mimi nikayaonja baada yako. Miaka yote ile! Ukienda mjini umevaa buibui jipya, nilijiuliza unakwenda kumwona nani. Nikiandikiwa barua kutoka Lindi, ulipita mara mbili mbili kwenye ukumbi. Nilipougua homa ulinilisha uji kwa mkono wako, na mimi, Mungu anisamehe, nilingoja kwanza uonje wewe. Ulionja. Ulikuwa umeshajua nitangoja.

Kiangazi kilichopita, kifua kilipokuwa kimekubana, tulikuwa tunatunga vikuba vya arusi ya kwa Mzee Juma. Ukasema kama mtu anayeomba mkasi:

"Nikifa, nioshe wewe."

"Mie? Una wifi zako Kisarawe, una ndugu."

"Hao hawanijui. Wewe nimekuchunguza miaka yote hii." Ukakata uzi kwa meno. "Sijapata kitu."

Ulipofariki, wifi zako walikuja, nao walipoambiwa ulichousia walishikana mikono mlangoni. Nilisikia mmoja ananong'ona, "Mke mwenza? Na maji ya kumwoshea atayapeleka wapi?" Sikukasirika. Ningekuwa wao ningeuliza hilo hilo. Niliacha mlango wa chumba wazi kwa ajili ya wanawake wote, nikakunja mikono ya gauni mpaka begani, wakasimama wakinizunguka, macho yao kwenye vidole vyangu. Nikakuosha. Nilianza upande wa kulia kama inavyotakiwa. Nilipokuinua, kichwa chako kililala begani kwangu, na wewe ulikuwa mwepesi sana, dada. Maji yote yaliingia kwenye shimo lililochimbwa, mbele yao, mpaka tone la mwisho.

Mume aliyenioa kwa mahari na mashahidi hakuwahi kuniamini kwa lolote. Wewe uliniachia mwili wako, mbele ya watu wote walionidhania vibaya.

Mola akulaze pema. Arusi zimeanza tena, na kuna watu wananingoja barazani.

Ni mimi,
mke mwenzio.