Brashi Mdomoni Mchana wa Ramadhani

Michenzani, Unguja
Alkhamis, 19 Ramadhani 1446

Mpendwa Dada Wanu,

Shikamoo dada yangu. Natumai barua hii itakukuta huko Maskati na afya, na lile goti lako limepoa. Swaumu inakwendaje na joto la huko? Sisi hapa wazima, alhamdulillah. Mke wangu Rukaiya anakwambia tambi ulizomfundisha kupika sasa zinamkubali.

Mwenye tatizo ni mimi, dada. Nna siku tatu sina raha, na hapa sikupata wa kumwambia.

Unajua tangu niache kuandika vibao vya maduka, Mwalimu Nassra, mkuu wa skuli ya jirani, amenipa watoto wa darasa la tatu niwafundishe kuchora kwa rangi za maji. Skuli imefungwa kwa mwezi mtukufu, ila darasa langu linaendelea Jumatatu na Alkhamis asubuhi. Watoto kumi na nane. Nnawafundisha kulowesha karatasi kwanza, rangi ienee yenyewe. Waanze na nyepesi, nzito ije baadaye. Na panapotakiwa peupe paachwe vivyo hivyo, maana rangi hizi ukishakosea hufuti.

Jumatatu nilikuwa nawaonesha kikonyo cha karafuu, kile chembamba. Nywele za brashi zikatawanyika. Nikaitia mdomoni nikaichonga ncha kwa midomo, kama nilivyozoea miaka thelathini. Nikachora. Nikaitia tena.

"Mwalimu kala kijani!" akapiga kelele Haroub, mtundu wao. Wakaangua kicheko. Kuinua macho, nusu ya darasa brashi ziko midomoni, wananifuata mimi! Shaima, mtoto wa miaka minane, Ramadhani yake ya kwanza hii na hajaacha hata siku moja, akaanza kulia: "Mwalimu, nshafungua!"

Nikamwambia upesi, "Nyamaza mwanangu. Mwalimu kasahau, na nyinyi mmesahau. Aliyesahau funga yake ipo." Akafuta machozi, akamaliza jani lake.

Dada, mara ya kwanza nilisahau, wallahi. Mara ya pili sikusahau. Ladha ya rangi ilishanigutusha, nikajua nimefunga, lakini mkono ulikuwa umekaa sawa na karatasi inakauka. Nikasema moyoni, kidogo tu. Nikameza mate.

Jioni nikamwendea Sheikh Shamsi msikitini, nikamuuliza nusu: aliyesahau je? Akanijibu vizuri, funga yake sahihi. Nikarudi nyumbani na jawabu la swali lisilo langu.

Leo asubuhi nimewaambia. Kabla ya kugawa vikombe vya maji ya kuoshea brashi nikasimama nikasema, mara ya pili mwalimu alikumbuka, kisha akakudanganyeni. Hakucheka mtu, hata Haroub. Nilitamani wacheke.

"Na funga yangu mimi?" akauliza Shaima. Nikamwambia sijui, twende tukaulize. Bibi yake alipokuja kumchukua tukafuatana sote watatu kwa Sheikh Shamsi, na mara hii nikauliza swali zima. Akasema mimi nitubu kwa Mola wangu na nilipe siku yangu. Huyu bado mtoto, anajizoesha, asijitie wasiwasi. Shaima akanuna kuitwa mtoto.

Mwalimu Nassra ameniita Jumamosi. Wazazi wawili wameshampigia simu. Sijui kama darasa litabaki mikononi mwangu, na sikujua nnalipenda kiasi hiki mpaka leo. Niombee dua, dada, hasa siku hizi kumi la mwisho linapokaribia.

Nisalimie shemeji Sleiman, na Anuar mwambie mjomba wake anamtaka akija aje na Kiswahili chake chote. Mungu azipokee funga zenu na akurejesheni salama.

Nilisahau kukwambia. Kutoka kwa Sheikh niliwasindikiza mpaka mlangoni kwao, Jang'ombe. Hapo Shaima akageuka: "Mwalimu, utalipa lini?" Nikamwambia Jumatatu ya mwanzo baada ya sikukuu, inshallah. Akaniangalia weee. "Basi na mimi siku hiyo ntafunga. Ntakuja kukaa na wewe, nikutazame."

Nduguyo akuwazaye kila siku,
Mbarouk