Nyumba ya Hatua Zangu

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, isipokuwa goti la bibi, ambalo bado linatabiri mvua na bado linakosea. Mama mzima na cherehani yake nzima. Na wewe je? Mgongo unaendeleaje na kazi ya kupiga magoti kutwa?

Ramani imefika. Mama ameibandika ukutani juu ya cherehani, na uzi ukimkatikia huinua macho kuitazama. Nimeisoma mpaka naiona nikifumba macho: sebule, jiko, vyumba vitatu vya kulala na chumba cha wageni, nyumba nzima hatua kumi na sita kwa kumi na mbili. Chumba hiki tunachopanga kinaweza kuingia kwenye hiyo sebule kikabaki na nafasi ya kugeuka.

Nina swali. Umeandika kwamba akiba yako inatosha kumaliza nusu ya nyumba, kuanzia msingi hadi bati, na nusu nyingine itakuwa mkopo, ambao utakubakiza huko miaka minne zaidi. Mimi sasa niko darasa la saba. Miaka minne ikiisha nitakuwa namaliza sekondari. Kwa hiyo ningependa kujua: watu wanne wanahitaji nyumba kubwa kiasi gani? Nilimuuliza mwalimu wa hisabati, akasema hilo si swali la hisabati. Mimi nadhani ni la hisabati, ila halijapata vipimo.

Mama amenipa uzi mweupe uliobaki kwenye sare za shule. Nataka kuichora nyumba yako pale kiwanjani kwetu, kwa ukubwa wake wote.

Mwanao.

21 Machi

Kwa Mkaguzi wangu,

Marahaba. Mgongo upo, kila niendako unanifuata. Mwambie bibi goti lake likipatia hata siku moja nitalitafutia kazi redioni.

Unauliza vizuri, lakini kuna jambo hulioni ukiwa huko. Leo nimeweka vigae kwenye bafu kubwa kuliko chumba mnacholala. Bafu tu, mwanangu, la mtu mmoja na mbwa wake. Miaka sita sasa napiga magoti kwenye nyumba za watu, na nikimaliza navua viatu nitoke bila kuzichafua. Sitaki kurudi niambiwe, "Huyu alikwenda kote kule akatuletea kibanda." Nataka mama yako awe na sebule ya kumpoteza mgeni.

Karani wa mikopo amenipa fomu. Ameweka alama ya kalamu mahali pa kutia sahihi, kana kwamba mimi sioni. Natakiwa kuirudisha kabla Mei haijaisha. Wewe chora upendavyo, ila usimmalizie mama yako uzi.

Baba yako.

14 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umenyooka. Sisi wazima, na tumechoka kwa sababu Jumamosi tulihamia.

Nilihesabu hatua kama ulivyoandika, nikapigilia vigingi, nikavuta uzi na kuacha wazi penye milango. Mama alibeba cherehani, bibi kigoda chake na sufuria, mimi daftari la kuandika kila nusu saa nani yuko chumba gani. Sheria ilikuwa moja tu, hakuna kupita ukutani. Bibi aliivunja kabla hata hatujatulia.

"Bibi, hapo ni ukuta."

"Ukuta gani huu unaoniacha nione sufuria yangu ikiungua?"

Hata hivyo alirudi akapita mlangoni. Kisha akasimama mbele ya chumba cha wageni akauliza, "Huyu mgeni ni nani, anayejengewa hata kabla hajabisha hodi?" Mama alicheka mpaka sindano ikavunjika.

Haya ndiyo niliyoyaona. Karibu kila nusu saa tulikuwa jikoni au karibu nalo. Sebuleni, baada ya mama kuhama, aliingia bibi mara moja tu, kuangalia kama kuna mtu. Chumba cha wageni kiliingiwa na kuku wa jirani. Cherehani ilianza sebuleni, lakini mama alichoka kupaza sauti ili tusikie hadithi yake, akaihamishia kando ya mlango wa jiko. Vyumba vya kulala vilitutosha. Nililala chini kujipima, miguu haikugusa ukuta.

Yule jirani tunayemwita Bwana Ghorofa, ambaye nondo zimechomoza juu ya paa lake zikisubiri ghorofa tangu sijazaliwa, alikuja kuegemea uzio. Nilimuuliza kwake analala vyumba vingapi.

"Kimoja."

"Na vile vingine?"

"Navifagia."

Tulileta na kiti chako pia. Hapo daftari langu lilikwama kidogo.

Jambo moja sikulielewa. Tulipomaliza, kiwanja kilibaki wazi kabisa mpaka kwenye uzio, pande mbili. Bibi ameshachagua pa kupanda mboga.

Mwanao.

2 Mei

Mkaguzi wangu,

Marahaba, na salamu kwa wote, hata kuku. Mimi mzima. Nimesoma barua yako mara tatu na wenzangu wameniuliza nacheka nini.

Lakini kiwanja hakiwezi kubaki. Nilipokuja likizo nilikipima kwa miguu yangu, na ramani ile inafika kwenye uzio kila upande. Ulipima kwa hatua za nani?

Na kiti mlikiweka wapi?

Baba yako.

13 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Goti la bibi limepatia mvua ya juzi, sasa hatulali kwa majigambo.

Nilipima kwa hatua zangu. Sikuwaza kwamba kuna nyingine. Nimezipima kwa rula ya shule, na kila moja ni sentimita sitini. Kisha nikapima kiwanja kutoka uzio hadi uzio, nikagawa kwa kumi na sita, nikaipata hatua yako: sentimita themanini. Mama anasema hilo alilijua zamani kwa kuachwa nyuma njiani.

Kwa hiyo kila ukuta wangu ni robo tatu ya wako. Nilidhani basi na nyumba ni robo tatu, lakini upana nao umepungua. Robo tatu mara robo tatu ni sehemu tisa kati ya kumi na sita. Baba, tuliishi kutwa nzima katika nyumba inayozidi nusu ya yako kidogo tu, na lalamiko letu pekee lilikuwa juu ya chumba cha wageni. Nikakiondoa hicho chumba. Imebaki nusu na ukucha. Mama anasema huo ukucha ataushona yeye, sare za muhula ujao zinatosha. Mwalimu ameziangalia hesabu, amekubali kuwa sasa ni swali la hisabati.

Kuhusu kibanda, bibi anasema watakaokiita hivyo hawatalala humo.

Kiti hatukukiweka popote. Tulikibeba chumba hadi chumba, kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua ungependa kukaa wapi. Jioni bibi alikikalia ili kisionekane kitupu. Kwenye daftari nimeandika, "Kiti: haijulikani."

Sijui kama barua hii itakufikia kabla Mei haijaisha. Ningependa ifike.

Mwanao.

26 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Je, wewe hujambo? Hatujapata barua tangu ile ya Mei. Mama haulizi, lakini siku hizi akienda sokoni huzunguka kupitia posta.

Uzi bado uko kiwanjani. Kama umetia sahihi, niambie tu. Nitapima upya kwa hatua zako, nitakuwa naruka kidogo.

Mwanao.

9 Julai

Mkaguzi wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kimya. Sikutaka kuandika kabla msimamizi hajanipa tarehe.

Barua yako ilifika siku tatu kabla ya Mei kuisha. Fomu ilikuwa mfukoni na kalamu pia. Siku hiyo tulikuwa tunamaliza sakafu ya ukumbi mkubwa, kwa vigae vya sentimita sitini. Sitini, mwanangu. Kila kigae ni hatua yako moja. Wenzangu walipokwenda kula, nilihesabu vigae kumi na sita kwa kumi na viwili, nikalaza vipande vya mbao penye kuta na kuacha wazi penye milango. Chumba cha wageni nikakiruka. Nikaingia na chakula changu.

Nilianza kula sebuleni. Baada ya muda nikajikuta nimehamia mlangoni, kati ya jiko na pale mama yako atakaposhona. Msimamizi akanikuta hapo.

"Fundi, unafanya nini?"

"Niko nyumbani."

Aliziangalia zile mbao. Kisha akazunguka, hakupita ukutani.

Andika kwenye daftari: kiti, mlangoni.

Ukigeuza karatasi hii utaiona ile fomu, na alama ya karani, na mbele ya alama hamna kitu.

Usinijibu, barua yako haitanikuta huku. Msingi tutaupima pamoja, wewe utembee, mimi nihesabu. Nakuomba jambo moja tu: usirefuke mpaka nifike. Kila kidole unachoongeza ni tofali.

Baba yako.