Maji ya Kisima Yanayonukia Ubani

Albertville, kando ya ziwa

Mama mupendwa kule Kongolo,

Mimi muzima, na samaki wa huku wananinonesha. Kazi yangu na wenzangu njo kuchota maji ya visima na ya muto Lukuga karibu na mugodi wa makaa ya mawe, tuyatie katika chupa, maabara ione kama mugodi unayachafua.

Jana tuliacha chupa kivulini kwa Mama Zaina, Muislamu wa kijijini. Tuliporudi zilikuwa zinameremeta. Nikafungua moja: harufu ya ubani! Alikuwa amemwaga maji yetu meusi na kujaza ya mutungi wake anaoufukiza kwa ubani.

"Mama, yale machafu njo tuliyoyataka!"

"Mugeni wangu ashike safari na maji kama yale? Haiwezekani!"

"Si ya kunywa, Mama. Ni ya kuwaonyesha wenye mugodi."

Akacheka, akashika kamba ya ndoo mwenyewe. "Basi twende kwenye kisima kibaya kabisa. Hayo wapelekee wao. Haya ya ubani kunywa wewe."

Nikanywa yote. Leo nikipumua, Mama yangu, nanukia misa ya Paska.

Mungu akulinde, na maji ya mutungi wako yabaki meupe.

Mutoto wako,
Kasongo