Gisiri Akisema "Sawa" Anamaanisha Nini?

Mpendwa mshauri Nyatichi,

Naomba unisaidie kumwelewa mtu mmoja, maana nimejaribu peke yangu nimeshindwa, na kufikia Ijumaa natakiwa nitoe neno litakaloamua kama atabaki kazini au ataenda. Mimi ni Dolphine, nyumbani ni Homa Bay lakini nafanya kazi hapa Migori mjini kwenye bekari ya Madam Hodan, mimi ndiye nachukua oda za keki na kuzipamba, na anayeoka ni Gisiri, baba wa watoto wawili kutoka Ntimaru, hakuna mkubwa wa mwenzake kati yetu, na kwa mikono yake sina shida hata kidogo, keki zake zikitoka kwenye oveni hata mimi niliyezizoea husimama kunusa.

Shida ni mdomo. Mimi nimelelewa katika nyumba ya watu wengi, ukiwa na neno unalisema hapo hapo, tena kwa sauti, mnagombana, mnacheka, mnakula, yameisha. Gisiri ukimwambia jambo anaangalia sakafu anasema "sawa", basi, hakuna swali, hakuna lakini, halafu baadaye unakuta amefanya vile alivyotaka yeye. Mwanzoni nilidhani hasikii vizuri nikaongeza sauti, naye akazidi kupunguza yake.

Sasa mwezi uliopita alikuja dada mmoja anaitwa Valary, anaolewa Mbita, akachagua ile keki yetu laini kabisa, ngazi tatu, kisha harusi ikiwa imekaribia akapiga simu akaomba ziwe nne, nikaenda moja kwa moja kwa Gisiri nikamwambia, "Ya Valary iwe ngazi nne, sawa?" Akasema, "Sawa." Asubuhi ya harusi nafika kupamba nakuta tatu mezani, gari linangoja nje, muda wa kuoka nyingine haupo. Nikamuuliza, "Ya nne iko wapi?" Akasema, "Ingebonyea njiani." Maneno mawili tu! Nikapamba hizo tatu nikaenda nazo Mbita, na Valary alipoiona keki yake hakulia wala hakupiga kelele, aliniuliza tu mbele ya wakwe zake, "Dolphine, si tulielewana?"

Niliporudi bekari nilikuwa nachemka, nikamfokea mbele ya wateja, "Yawa, wewe ni mtu wa aina gani? Kama hukubali si useme!" Alivua aproni yake, akaikunja vizuri, akatokea mlango wa nyuma, na tangu siku hiyo kati yetu ni salamu tu. Madam Hodan akaniita akasema, "Siwezi kuendesha bekari ya watu wawili wasioongea. Wewe ndiye mlalamishi, kwa hivyo Ijumaa uniambie, abaki au atafute kazi pengine."

Watu sokoni wananiambia eti Wakuria, watu wa kabila la Gisiri, ndivyo walivyo, nimpe Madam jina lake yaishe. Lakini kuna kitu kinanisumbua mshauri. Juzi nilipita karibu na dirisha nikamsikia akiongea na Marcella, mama anayekanda unga wa maandazi, wamesimama pamoja mikono ndani ya unga, macho mezani, na Gisiri anasimulia, anacheka, anabishana, anamwambia, "Hapo sikubaliani na wewe, mama." Nilisimama pale kama mwizi. Kumbe anajua kusema hakubaliani! Kama ni dharau kwa wanawake, kwani Marcella si mwanamke? Nilipoingia akanyamaza. Kwa nini kwa Marcella ana maneno na kwangu hana? Na nimwambie Madam nini?

Dolphine, Migori


Dolphine,

Barua yako ilinifikia Jumatano na gazeti hili hutoka Jumapili. Ijumaa yako isingeningoja, ndiyo maana nilikupigia simu. Wasomaji hawakuwepo, acha nao wasikie, na wewe usome tena ujionee.

Kwanza pole. Kuulizwa na bibi harusi kama mlielewana, mbele ya wakwe, si jambo dogo. Lakini hayo ya Wakuria uyaache huko huko sokoni ulikoyaokota. Nina majirani Wakuria wanaoongea mpaka kuku wanalala, na nina shemeji kutoka huko kwenu Homa Bay ambaye neno moja linamtosha siku nzima. Kabila halifungi mtu mdomo.

Ulisimama dirishani ukaona jibu lote, kisha ukaingia kwa kishindo ukalifukuza. Marcella alisimama wapi? Ubavuni mwake, mikono kazini, hamkodolei macho. Wewe huwa unasimama wapi? Mbele yake, na haraka zako. "Iwe nne, sawa?" Dada yangu, hilo si swali. Hiyo ni amri iliyovishwa nguo ya swali. Kuna mtu ambaye fikira zake huja akiwa tayari anaongea, kama wewe. Kuna mwingine lazima afikirie kwanza, na sauti ikipanda yeye anafunga mlango. Kwenu kelele ni uchangamfu. Kwake pengine kelele ni dalili kwamba mambo yameharibika. Hakuna mbaya hapo, ila hamjuani.

Nilikuambia nini kwenye simu? Funga aproni, simama kando yake, saidia kupaka trei mafuta, muulize, "Ile keki ya Mbita, wewe ulionaje?" kisha unyamaze. Ukaniuliza, "Na akinyamaza?" Nikakuambia, "Nyamaza naye. Hutakufa."

Alhamisi ukafanya hivyo. Ulinisimulia alivyokaa kimya mpaka ukauma ulimi, halafu akaanza kuongea akiwa ameitazama trei. Akasema keki ile ni laini mno, ngazi ya nne ingeizamisha, na alitaka kukuambia siku ile ile, "lakini wewe ukiuliza unakuwa umeshajibu." Nawe ukamwambia una vijiti vya kushikilia keki kwenye droo yako, huvichomeka ndani wakati wa kupamba. Akaacha kupaka mafuta.

"Sikujua viko."

"Na mimi sikujua ingebonyea."

Unaona sasa? Mmoja anaujua ugonjwa, mwingine anayo dawa, mnashinda chumba kimoja, na anayeugua ni Valary.

Na wewe Gisiri, najua utasomewa haya. Ndugu yangu, ukimya si utakatifu. Kusema "sawa" huku moyoni umekataa ni uongo wenye adabu. Ulijua ngazi ya nne haitakuwepo, ukamwacha mwenzako aende kuaibika peke yake. Kama maneno hayaji papo hapo, sema, "Nipe muda nifikirie," na kabla bekari haijafungwa urudi na jibu, hata likiwa la kukataa.

Ijumaa mlimwendea Madam Hodan wawili, badala ya wewe kwenda kumtaja mwenzako peke yako, na hapo nawapongeza. Aliwaangalia akasema atawatazama mpaka mwisho wa mwezi. Hajawasamehe, na ana haki. Basi utumieni huo mwezi. Oda ikibadilika, Dolphine, nenda kwake akiwa kazini, uliza swali lisiloweza kujibiwa kwa neno moja, na akiomba muda mpe. Hasira ikikupanda, toka nje upigwe na upepo. Na kwa kuwa ulimfokea mbele za watu, msamaha uombe mbele za watu pia. Marcella awepo asikie.

Limebaki moja, ambalo hukuniambia kama mmelifanya. Nendeni Mbita, wewe na Gisiri, wiki hii. Msibebe keki ya kumziba Valary mdomo, na mkifika msianze habari za ngazi na vijiti. Ombeni radhi, kisha mmuulize siku yake ilikuwaje baada ya wewe kuondoka, halafu mketi mumsikilize mpaka amalize.